Kukaa na kocha Lubumbashi: biro, veranda ya hoteli, kutembea, nyumba ya mafungo au simu?

Mtu akishaamua kutafuta kocha wa kumsindikiza katika kazi au maisha yake, huuliza bei, huuliza muda, huuliza huyo kocha alisomea wapi. Swali la mahali mtakapokaa huachwa mwisho, na mara nyingi hujibiwa kwa ujumbe mfupi wa simu: tukutane mjini, karibu na posta. Mimi niliye kocha ningelianza na hilo. Kocha hana dawa mfukoni wala hana mamlaka ya kukuamuru. Kazi yake ni kuuliza vizuri, kisha kukuachia nafasi ya kusikia jibu lako mwenyewe. Nafasi hiyo ikiliwa na kelele, na simu, na sikio la jirani nyuma ya ukuta wa mbao, hata kocha mwenye vyeti vyote anabaki mtu unayemlipa ili mpige soga.

Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, lilipopitia upya stadi inazozidai kwa makocha mwaka 2019, liliziweka nane, na ndani ya stadi ya kuwepo kwa dhati pamoja na mteja liliandika waziwazi kwamba kocha aache nafasi ya kimya, ya kutua na ya kutafakari. Hilo limo katika kazi yenyewe, si pambo. Walimu nao walishalijua. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwarekodi walimu darasani akakuta kwamba wakishauliza swali, wanangoja kwa wastani sekunde moja tu kabla ya kumpa mwingine au kujijibu wenyewe. Walipojifunza kungoja sekunde tatu na zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu! Lakini zitafute basi pembeni ya jenereta inayonguruma, huku mhudumu amesimama kichwani kwako anauliza kama aongeze kinywaji.

Ninapolinganisha mahali hapa na pale, naangalia mambo matatu: nani anaweza kukusikia, nani anaweza kukuona, na lugha gani itakutoka kinywani. Hilo la tatu nalipa uzito kuliko yote. Kwetu Lubumbashi mtu hutoa ripoti kwa Kifaransa, hucheka kwa Kiswahili, na jambo likimwelemea hurudi kwenye lugha ya bibi yake, iwe Kiluba, Kibemba au Kisanga. Mahali unapokaa hukuchagulia mojawapo kabla hujafungua kinywa.

Biro ya kazini

Biro, yaani ofisi, ina faida moja isiyopingika: umeshafika. Hulipi teksi, hukwami kwenye msongamano wa barabara ya Kasapa, na kikao cha dakika 45 au 60 kinaingia kwenye ratiba bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa fundi wa kampuni ya madini anayeshinda Kolwezi au Likasi wiki nzima na kushuka mjini siku moja kukutana na wakubwa, huenda hakuna nafasi nyingine. Pia vitu vyote viko mkononi. Kama unachotaka ni kujipanga kwa ajili ya mkutano mgumu, au kujifunza kugawia wengine kazi badala ya kuzibeba peke yako, ni vizuri ratiba na majina ya watu wako yawe mbele yenu mezani.

Tabu inaanza pale swali linapoingia ndani zaidi. Kampuni ikiwa ndiyo inayolipa, chumbani mko watatu hata kama viti ni viwili: wewe, kocha, na mlipaji. Kanuni za maadili za ICF zinamtaka kocha atofautishe mteja na anayelipa, na mapatano juu ya siri yawe wazi kwa pande zote toka mwanzo. Kwenye karatasi hilo linasainiwa upesi. Lakini ukiwa umekaa ndani ya jengo la kampuni, chini ya picha ya mkurugenzi, karatasi hiyo haikutulizi moyo. Utasema Kifaransa safi. Utasema mambo yanaendelea vizuri isipokuwa changamoto mbili tatu.

Kuna jambo jingine ambalo kocha aliyefundishwa Ulaya anaweza asilione. Sisi tumelelewa kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Kijana anapokaa na kocha mwenye mvi ndani ya biro, kocha akauliza, kijana akainamisha macho na kunyamaza, kimya hicho kinaweza kisiwe cha kutafakari kabisa. Anangoja mzee aseme neno la kufunga. Biro inazidisha hali hiyo, kwa sababu meza yenyewe inaeleza nani ni nani. Ndiyo maana, kama hamna budi kukaa bironi, msikae biro yako wala ya bosi wako. Ombeni chumba cha mikutano Jumamosi asubuhi, mwekeeni kila mmoja kiti cha aina moja, na meza iondolewe katikati.

Veranda ya hoteli au mgahawa

Hapa sitakaa sana. Veranda inapendeza, viti ni laini, kahawa ni nzuri, na kwa kikao cha kwanza cha kufahamiana inatosha. Ina faida pia kwa mwanamke anayesindikizwa na kocha mwanaume, au kinyume chake: mko mahali pa wazi, hakuna wa kusema mlijifungia. Chumba cha hoteli, hata kiwe na meza ya kazi na mlango ukiachwa wazi, mimi nasema hapana. Mji huu ni mkubwa lakini habari zake zinatembea haraka.

Ila veranda ni tulivu kwa macho tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 juu ya kelele, lilipendekeza kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 ili mtoto asikie mwalimu bila kuhangaika. Maongezi ya kawaida ya watu wawili yako karibu 60. Weka programu ya kupima sauti kwenye simu yako, kaa kwenye veranda yoyote ya katikati ya mji saa saba mchana, utajionea mwenyewe. Asubuhi kati ya saa tatu na saa tano panafaa zaidi. Siku timu ya Mazembe inacheza, achana napo kabisa. Na hata pakiwa kimya, meza ya tatu kutoka kwenu ameketi binamu wa shemeji yako. Utapima kila neno, na anayepima kila neno hana nguvu iliyobaki ya kufikiri.

Kutembea

Hapa ndipo ninapowapeleka watu wengi, na nina sababu.

Mkitembea bega kwa bega, macho hayakutani. Kwa mtu aliyefundishwa kutomkazia mkubwa macho, huo ni mzigo unaoondoka mara moja. Kimya nacho kinabadilika. Ndani ya chumba, nusu dakika bila neno inaanza kumtia mtu aibu. Njiani mnaweza kwenda dakika tano mkisikiliza viatu vyenu tu, na hakuna anayeona kasoro. Na lugha inageuka. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa nalingojea: mtu anaanza kwa Kifaransa cha kazini, tukishatembea kidogo Kiswahili kinaingia, kwanza kwa mzaha, halafu kwa jambo lenyewe. Pale ndipo ninapoacha kuuliza.

Kuna utafiti unaonisaidia kueleza sehemu ya jambo hili. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha watu waliokaa na watu waliotembea, na wakakuta kwamba waliotembea walitoa mawazo mapya kwa wastani wa asilimia 60 zaidi. Haikuhitaji hata mandhari. Matokeo yalionekana pia kwa waliotembea juu ya mashine ndani ya chumba wakiangalia ukuta mtupu, na faida ilibaki kwa muda baada ya kukaa. Lakini utafiti huohuo una upande wa pili ambao wanaosifia kutembea husahau kuutaja: kwa maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo njia inafungua mawazo, haifungi hesabu. Kama kazi ya leo ni kutafuta milango ambayo hujaiona, tembeeni. Kama ni kuamua mlango upi kati ya miwili unayoijua tayari, na kuandika tarehe na hatua, tafuteni kiti. Kikao kinachonifaa mimi ni mchanganyiko: nusu ya kwanza njiani, nusu ya pili mmekaa na daftari.

Wapi? Upande wa mtaa wa Golf, pembeni ya ziwa, asubuhi kuna hewa na nafasi. Barabara za ndani za chuo kikuu, UNILU, ni pana na zina miti, hasa wanafunzi wakiwa likizoni. Bustani ya wanyama inafaa siku za kazi. Jumapili imejaa watoto na picha za harusi. Majira nayo yana neno. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua inaweza kukukatiza sentensi, basi panga asubuhi na uwe na pa kujihifadhi karibu. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na Juni na Julai baridi ya alfajiri si ya mchezo, kwa hiyo subiri jua lipande. Septemba na Oktoba kuna joto na vumbi, lakini ndipo mijakaranda inapochanua, na sijapata mteja aliyelalamikia kutembea chini yake.

Kutembea hakumfai kila mtu. Mwenye maumivu ya magoti atafikiria magoti. Mtu mwenye jina kubwa mjini atasimamishwa kila hatua kusalimiwa, na salamu zetu hazikatwi katikati. Halafu kuna machozi. Anayejua kwamba jambo lake litamliza asiende kulilia barabarani.

Nyumba ya mafungo

Mafungo ni kujitenga kwa muda ili usali au utafakari. Wanaosema ukimya wa kutafakari ni kitu kilichotuletea makocha juzi hawaujui mji huu. Misheni ya Katanga, eneo letu hili, ilikabidhiwa watawa Wabenedikto mwaka 1910, mwaka uleule Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilipoanzishwa, na Wasalesiani wa Don Bosco wakafika mwaka 1911. Kanuni ya Wabenedikto inaanza kwa agizo la kusikiliza, na sura yake ya sita yote ni juu ya kunyamaza. Ndugu zetu Waislamu wana itikafu yao, kujitenga msikitini kwa ibada, katika siku kumi za mwisho za Ramadhani. Watu wa hapa walijua kujitenga ili wasikie kabla hatujasikia habari za vyeti.

Nyumba za watawa bado zipo, ndani ya mji na nje yake, kwa mfano upande wa Kafubu, na baadhi humpokea hata asiye Mkatoliki anayetaka siku moja ya utulivu, mradi aheshimu ratiba ya nyumba. Unatoa mchango, unapewa chumba chenye meza, kiti na kitanda, na chakula kinakuja kwa saa yake. Hilo la chakula lisidharauliwe. Nyumbani, hasa kwa mama wa familia, kichwa hakitulii kwa sababu nusu yake iko jikoni inapiga hesabu ya unga na sombe, majani ya muhogo. Kumpa mtu kama huyo siku moja ambayo mwingine anawaza atakula nini ni kumpa kitu ambacho huenda hajakipata tangu aolewe.

Tofauti kubwa na mahali pengine pote ni hii: hapa kocha anaweza kuondoka. Mnaongea asubuhi kwa dakika 45 hivi, mnakubaliana swali moja la kubaki nalo, halafu unaachwa peke yako hadi mchana, simu imezimwa na kukabidhiwa. Mnaonana tena baada ya chakula. Saa ya kwanza peke yako kwa kawaida ni ya fujo tupu. Madeni, ada za shule, neno alilokuambia mwenzako wiki iliyopita, vyote vinakuja pamoja. Watu wengi hapo hudhani wameshindwa na hutaka kuita kocha. Wasiite. Fujo hiyo ilikuwepo siku zote, ila redio ya maisha iliifunika. Inapotulia, kinachobaki juu ya daftari mara nyingi ni sentensi mbili tatu, na hizo ndizo mtakazofanyia kazi alasiri.

Hii ni dawa ya maswali makubwa tu. Kuacha kazi ya mgodini ili kufungua shughuli yako, kuhamia Kinshasa au Afrika Kusini na kuacha wazazi, kuwa kichwa cha ukoo ghafla baada ya baba kufariki, ndugu wote wakikutazama wewe, kustaafu. Kwa swali la namna ya kuendesha mkutano wa Jumatatu, siku nzima ya mafungo ni kupoteza siku. Na ina gharama: usafiri, mchango, siku ya kazi, pamoja na kueleza nyumbani kwa nini unakwenda kwa watawa wakati hujafiwa wala hujagombana na mtu.

Kimya kirefu kina hatari yake pia, na hapa naomba tusomane kwa makini. Mtu ambaye halali wiki kadhaa, anayesikia kwamba maisha hayana maana tena, au aliyekimbia vita ya Kivu na kufika huku akiwa na picha zisizotoka kichwani, asifungiwe chumbani na swali la kocha. Kwake kimya kinaweza kufungua kitu ambacho kocha hana elimu ya kukifunga. Huyo anahitaji daktari au mwanasaikolojia. Lubumbashi tuna kituo cha neuropsikiatria, yaani cha magonjwa ya akili na neva, cha Dr Joseph Guislain, na kwenda pale si aibu. Kocha mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajapokea malipo.

Simu na video

Simu inashinda pengine pote kwa upana wa kuchagua. Kocha anaweza kuwa Kinshasa, Johannesburg au Paris. Saa zetu ni sawa na za Johannesburg. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Paris tuko sawa wakati wao wa joto na wao huwa nyuma saa moja wakati wa baridi. Mega za intaneti unazotumia ni nafuu kuliko nauli. Kwa wengine umbali wenyewe ndio usalama: kocha asiyejua familia yako hana wa kumpelekea habari.

Lakini simu haileti mahali, wewe ndiye unayepaleta. Na wengi tunakaa kwenye lupango, yaani uwanja mmoja wa nyumba, lenye watu wa rika zote, jirani ana redio, mtoto anagonga mlango, na mvua ikianza kupiga mabati husikii tena chochote. Umeme ukikatika katikati ya jibu lako, kinachokatika si maneno tu. Ukipigiwa tena dakika kumi baadaye, utaanza upya ukiwa juu juu. Kwenye laini dhaifu kimya nacho kinapotea, maana kila mkinyamaza mmoja anauliza kama mwenzake bado yupo. Mwambie kocha toka mwanzo: nikinyamaza nipo, usiseme halo. Mwenye gari ana suluhisho ambalo halitajwi sana, nalo ni kuliegesha mahali salama, kufunga vioo na kukaa kiti cha abiria, si cha dereva. Kwa watu wengi wa mji huu hicho ndicho chumba chao pekee chenye mlango.

Ningechagua vipi

Kama kampuni inalipa na lengo ni stadi ya kazi, kaeni kazini, kwenye chumba kisicho cha yeyote kati yenu, lakini dai vikao viwili au vitatu vifanyike nje ya jengo. Wakikataa, umejifunza kitu juu ya siri ya vikao hivyo.

Kama unalipa mwenyewe na fedha ni kidogo, usizitupe kwenye vinywaji vya veranda. Tembeeni, mmalizie kwenye benchi na daftari. Kati ya njia zote hii ndiyo inayotoa kingi kwa kidogo, na kama ningelazimika kubaki na moja ningebaki nayo.

Kama ni uamuzi utakaobadilisha maisha ya watu wengine pamoja nawe, tafuta siku moja ya mafungo hata kama italazimu kuahirisha vikao viwili vya kawaida ili kulipia. Usiende hapo kwenye kikao cha kwanza. Nenda mkishafahamiana na kocha, anapojua lini unanyamaza kwa kufikiri na lini unanyamaza kwa heshima.

Simu nzuri ni ya kuendeleza kazi iliyoanza ana kwa ana. Kuanzia nayo inawezekana, na kwa anayeishi Kolwezi au Kipushi huenda ndiyo njia pekee, ila mpe kocha vikao vya kwanza vitatu kabla hujaamua kama inakufaa.

Na kabla ya kulipa chochote, mpigie huyo kocha umuulize hili tu: kwa jambo langu hili, tukae wapi, na kwa nini hapo? Akikueleza sababu zinazohusu wewe, mpangie siku. Akijibu kwamba popote tu ni sawa, tafuta mwingine.